Namba Tasa Ubaoni

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mgongo wako unasemaje? Natumai umeshakusamehe na unainama bila kuita watu. Mimi mwili hauna neno, ni chaki tu inayonibabua vidole. Habari ninazo, ila uzisome ukiwa umekaa.

Unajua Jumamosi nafundisha hesabu sebuleni, kwenye ubao alionitundikia shemeji yako. Safari hii somo lilikuwa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Niliwaandikia ninayoipenda kuliko zote, 73939133. Ukiifuta tarakimu ya mwisho inabaki 7393913, nayo ni tasa. Futa tena, 739391, tasa vilevile. Unafuta hivyo hivyo mpaka inabaki 7, na njiani hakuna hata moja inayokubali kugawanywa. Ila kuirefusha huwezi: bandika tarakimu yoyote mwishoni, kwisha habari yake. Wanafunzi walipoondoka niliiacha pale ubaoni, na mbele yake neno TASA kwa herufi kubwa.

Mama mkwe akaingia bila hodi, kama kawaida yake. Unalijua jina analoniita mbele ya wageni. Ndilo hilohilo la ubaoni. Na sasa alikuwa ameshamtafutia mwanawe mke wa pili, imebaki kupeleka posa tu. Aliusoma ubao, akashika kiuno, akasema kumbe majibu ya hospitali yametoka, na namba ya faili ile pale, sasa ubishi wa nini. Nilicheka, dada. Nikaanza kumweleza habari za vigawo, akaniambia nisimletee usomi, kusoma anajua.

Shemeji yako alikuwa mlangoni anavua viatu. Alichosikia ni majibu na tasa. Akasimama na kiatu kimoja mkononi, akaniuliza taratibu nimeyapata wapi majibu yake.

Yake. Mimi na mama mkwe tukatazamana. Wewe ulikuwa ukiniambia mume mpole ni bahati. Kimya kingi, dada, kina mshindo mkuu.

Alipima mwaka wa pili wa ndoa yetu. Mgumba ni yeye. Alijua wakati mama yake ananisema mezani, naye anatafuna. Alinishikia kikombe nikinywa dawa za mama yake, chungu mpaka machozi, naye anajua.

Ameomba radhi huku analia. Habari za posa hazitajwi tena. Nami nakwambia kweli tupu: angeniomba, ningemfichia. Ningelibeba jina hilo mpaka kaburini kwa ajili yake. Hakuniomba. Hilo ndilo linaloniuma, si mtoto.

Leo asubuhi nimefuta ubao, tarakimu moja moja kutoka mwisho, ile 7 nikaiacha. Sanduku langu liko mlangoni.

Msalimie shemeji. Watoto nao wabusu wote, uwaambie mama yao mdogo anakuja.

Ni mimi,
mdogo wako.