Karata za Chumba cha Kufulia

Alhamisi, Machi 6

Leo nimepata karata. Mgeni mmoja wa hoteli alizisahau ndani ya foronya, zikakaa kwenye kabati la vitu vya wageni mpaka muda wa kuzidai ukaisha. Msimamizi akasema aliyeziokota azichukue. Aliyeziokota ni mimi. Mwenzetu wa mashine za kukaushia, tunayemwita Kasuku, akadakia eti hizo ni taroti, watu wanapigia ramli. Kasuku anajua kila kitu, hasa asichokijua.

Pakiti nzito. Kila karata ina picha. Wafalme, mbwa, mnara unaoungua, mtu kaning'inizwa kwa mguu mmoja na wala hana wasiwasi! Ndani kuna kijitabu, maandishi madogo kama sisimizi.

Shangazi kaziona mezani. Kauliza nimemletea nini humu ndani. Nikasema picha tu. Akasema picha gani zinamkodolea mtu macho hivyo. Nimezificha chini ya nguo zangu.

Jumamosi, Machi 8

Nimesoma kijitabu kwa msaada wa simu. Nimechoka kuliko kupiga pasi mashuka ya ghorofa zote.

Nilichoelewa: kuna karata kubwa na karata ndogo. Kubwa ni mambo mazito — Jua, Mwezi, Nyota, Kifo. Ndogo ni mambo ya kila siku, ziko makundi manne: vikombe ni moyo, panga ni mawazo na maumivu, fimbo ni juhudi, sarafu ni riziki. Unazichanganya huku unawaza swali. Mwenye swali anazikata kwa mkono wa kushoto. Unafunua tatu — yaliyopita, yaliyopo, yajayo.

Nisichoelewa: karata ikitoka kichwa chini, maana inageuka. Ukurasa wa mbele wanasema si lazima igeuke. Sasa nifuate lipi? Halafu eti anayeanza asing'ang'anie kijitabu, atazame picha na aseme anachokiona. Mimi nikitazama picha naona picha!

Nikajifunulia tatu. Sikuona kitu. Nimeona kwamba nina usingizi.

Jumatatu, Machi 10

Makosa yangu kuzipeleka kazini. Wakati wa kula Kasuku alinisumbua mpaka nikamfunulia moja, kwa mzaha tu. Mnara. Radi, moto, watu wanaanguka kutoka madirishani. Nikasema kuna kitu kitaharibika ghafla. Wote wakacheka.

Mchana bomba la mvuke la pasi kubwa likapasuka! Puu! Ukungu chumba kizima, watu mbio huku na huku, Kasuku kajificha ndani ya toroli la mataulo. Hakuna aliyeungua, namshukuru Mungu. Lakini sasa naitwa Mganga wa Mashuka. Msimamizi kanipita akinitazama kwa jicho la pembeni.

Bomba lile limekuwa likivuja tangu mwezi uliopita. Kila mtu alijua. Nimewakumbusha. Hakuna anayesikia. Na mimi mwenyewe — nimezifunga kwa kitambaa mara mbili. Kwa nini nizifunge kama ni karatasi tu?

Usiku huu Shangazi kabisha hodi chumbani. Eti kama zile picha bado zipo, nimwangalizie goti lake.

Jumatano, Machi 12

Mama Pacha ndiye tunayekunja naye mashuka. Yeye ncha mbili, mimi ncha mbili, mwaka wa sita sasa. Naijua mikono yake kuliko sura yake. Leo aliniita nyuma ya mapipa ya sabuni. Ana uvimbe kwenye titi. Daktari kasema umewahiwa, utolewe Jumatatu. Anajua mumewe tu, na sasa mimi.

Nikadhani anataka nimpe pole. Kumbe anataka karata.

Nilikataa. Akasema, "Kasuku umemfunulia, mimi mwenzako unaninyima?" Nikampa pakiti. Akachanganya, akakata kwa kushoto. Ya kwanza vikombe, ya pili sarafu, nikasema yaliyopita ni upendo na yaliyopo ni kazi. Ya tatu —

Kifo. Kiunzi cha mifupa juu ya farasi mweupe. Watu wamelala chini.

Nikamweleza haraka haraka: kijitabu kinasema karata hii si kufa, ni jambo moja kuisha ili jingine lianze. Ndivyo kilivyoandikwa, sikubuni! Akaitikia, haya, sawa. Akacheka hata. Tukarudi kukunja. Lakini shuka la kwanza lilimponyoka. Halijawahi kumponyoka.

Jumanne, Machi 18

Nimefika kazini, Mama Pacha yupo kwenye pasi. Upasuaji ulikuwa jana — yupo kwenye pasi! Nikadhani naota. Nikamuuliza vipi. Akasema hakwenda. Vipi hukwenda? Akasema mimi najua vipi.

Tukashika ncha zetu, tukakunja.

Jumatano, Machi 19

Nimempelekea kijitabu. Nimemsomea sentensi kwa sentensi. Mwisho, mwanzo, mabadiliko. Akaniuliza, "Na Mnara ulipotoka, kijitabu kilisema bomba?" Nikasema hapana. "Basi wewe uliona zaidi ya kijitabu. Na mimi nimeona ulivyobadilika uso."

Nikamwambia ni karatasi, mgeni kazisahau kwenye foronya, mimi ni mpiga pasi. Akasema kama ni karatasi kwa nini sijazitupa.

Kweli, kwa nini? Nimetoka nazo mpaka pipa la jikoni, nimerudi nazo. Nikizitupa nitakuwa nimekubali kwamba zina kitu. Nisipozitupa pia. Kichwa kinaniuma.

Nilitaka kwenda kumwambia msimamizi. Halafu? Aliniamini mimi kwa siri yake. Mumewe simjui, nasikia tu ni fundi wa kuchomelea vyuma.

Ijumaa, Machi 21

Nimefanya jambo. Sijui niliite nini.

Jana nyumbani nilipanga karata. Jua juu, Nyota, Ulimwengu — zote nzuri. Nikafanya mazoezi ya kuchanganya kwa uongo, zile tatu zibaki juu. Shangazi kapita kasema sasa nimekuwa mcheza kamari.

Leo nikamwambia Mama Pacha tuziulize karata mara moja tu, ya mwisho. Nikachanganya vizuri kabisa. Nikasahau habari ya kukata! Yeye hakusahau. Kwa mkono wa kushoto, taratibu, katikati. Jua langu likazama chini na wenzake.

Nikafunua moja tu, sikuwa na nguvu ya kufunua zote tatu. Panga nne. Mtu amelala chali juu ya jeneza la mawe, mikono kifuani. Mama Pacha akafunga macho.

Sijui maneno yalitoka wapi. Nikasema, "Fungua macho, tazama! Huyu hajafa, huyu katoka kupasuliwa. Ona panga tatu ziko ukutani — visu vya daktari hivyo, vimemaliza kazi vimetundikwa. Amelala anapona."

Akaivuta karibu na macho. Akasema kweli, uso wake si wa maiti.

Alipotoka kazini alipitia hospitali. Wamempa Jumanne.

Nimerudi nyumbani nikatafuta panga nne kijitabuni. Nimesoma mara tatu. "Kupumzika. Kupata nafuu baada ya maumivu." Sikuwa najua! Naapa sikuwa najua. Nilikuwa nadanganya. Sasa nilidanganya au sikudanganya?

Jumanne, Machi 25

Hospitali. Nimeomba ruhusa kazini. Niko kwenye benchi la korido, ukuta umepakwa rangi ya kijani mpaka kiunoni, juu mweupe. Mama Pacha ameingizwa asubuhi. Alinipungia kwa ncha ya shuka, kama tunavyofanya tukimaliza kukunja rundo.

Muuguzi alisema haitachukua muda mrefu. Muda mrefu umepita. Nimemuuliza tena, kasema daktari bado yuko ndani, tusubiri.

Mumewe kaja. Mtu mkubwa, mikono ina makovu ya cheche. Kakaa pembeni yangu, benchi likalia. Kaniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye shemeji wa karata?" Nikasema ndiyo. Kasema anashukuru. Kasema wiki ile ya kwanza mkewe alikuwa anatoa maagizo ya watoto, nani alale wapi, nani apewe nguo zipi. Tangu Ijumaa kaacha. Kwa hiyo naye kaacha kuogopa.

Mlango wa mwisho umefunguka. Daktari katoka, kavua kofia, anaongea na muuguzi. Hawatazami huku. Sasa wanatazama huku.

"Shemeji, hebu niambie tena," kasema, na kanishika mkono, "zilisemaje hasa?"

Anasubiri. Naandika ili nisimjibu. Daktari anakuja —