Kidonge cha Tezi na Kahawa ya Hernando

Nidia, nimetoka kwa daktari nikiwa na hasira.

Kolesteroli imepanda tena. Akanigombeza: "Mama, tezi ya shingo ikizembea, mafuta hujaa kwenye damu. Nimekupa kidonge, kumbe bado unakula nguruwe wa kukaanga."

Mimi, niliyekula majani matupu hata Krismasi.

Mume wangu Hernando naye akadakia: "Huyu anakula kwa siri."

Kwa siri, Nidia. Mbele ya daktari.

Ndipo daktari akauliza kidonge nakimeza na nini. Nikasema na kahawa, kama kila mtu hapa mjini Pereira. Akashika kichwa. Kahawa inaizuia dawa isiingie mwilini.

Na nani huniletea kidonge na kahawa kitandani kila asubuhi? Hernando huyohuyo.

Sasa yuko jikoni, ananiuliza kama anipikie kahawa hasira zishuke.