Panya Hawakumngoja Urbani

Kaka Urbani,

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa ulinitangulia kuzaliwa, basi.

Huku Matogoro tupo, mahindi yamekauka vizuri. Gari la marehemu baba nimeliwasha. Najua wazee walisema kwenye matanga lisiguswe mpaka wewe mrithi urudi. Mrithi mwenyewe harudi! Likawa linanguruma kidogo, linazima. Wewe kwenye simu ukang'ang'ania tubadilishe sensa ya injini, kile kidude kinachopima mzunguko wake. Tukabadilisha, likazima vilevile. Tangu hapo simu hupokei, ndiyo maana naandika.

Fundi Wendelini aliufuata waya wa hiyo sensa kwa vidole, akakuta panya wamezaa chini ya boneti na wameutafuna hadi shaba. Sensa ya zamani ilikuwa nzima, kaka! Ameunga waya, injini imetulia.

Sikuliwasha kwa starehe. Macho ya mama yamefifia, bodaboda hawezi tena kupanda. Jana nilimpeleka hospitali kwa gari hilo. Njiani akanipapasa bega, akasema, "Urbani mwanangu, kumbe umekuja."

Nikaitika.

Mdogo wako,
Anjelika