Ngata ya Skola

Makanyagio, Ijumaa Kuu, 1997

Mvua imekatika sasa hivi. Nguo hazijakauka, na moyo wangu nao vilevile.

Leo tumembeba Mama Maria, sanamu ya parokiani, hadi huku kwetu Makanyagio. Padri wetu anatoka Sevilla, kusini mwa Hispania. Kwao huko wiki hii nzima wanaume wanamzungusha Bikira Maria mitaani, wanambeba kwa shingo, kichwani wamefunga kitambaa kilichosokotwa. Alipotuonyesha sisi kina mama tulicheka. "Baba Padri, hiyo si ngata? Hiyo kazi ya wanawake!" Basi wakachaguliwa mabinti wanne wa kimo kimoja. Skola wangu alikuwemo.

Kwaresima nzima amefanya mazoezi na ndoo ya maji, haishiki hata kwa mkono. Ngata aliisokota kwa kitenge changu cha zamani.

Mimi nikaogopa. Skola alipokuwa mdogo alishikwa na degedege, akawa anaanguka hata jikoni. Sasa ni msichana mkubwa, hajaanguka tena. Lakini kila nikiona ile machela ya sanamu na haya matope yetu, namwona yuko chini, na mbao zote juu yake.

Jana nikamfuata Mama Agripina, kiongozi wa jumuiya, nikamnong'oneza: "Dada, ule ugonjwa wa kuanguka umemrudia."

Nilidanganya.

Leo wakamtoa mbele za watu: "Mama yake kasema anaanguka tena." Mama mmoja akamvuta mtoto wake pembeni, kama vile Skola atamwambukiza. Na bado hajaolewa! Nilitaka kumlinda, nimemchafua.

Helena, aliyewekwa badala yake, ni mfupi. Machela ikalalia upande wake, Mama Maria akainama kama anataka kushuka. Skola akatoka kwenye watu, akavua ngata yake, akaipachika juu ya ile ya Helena. Wakalingana.

"Haya, polepole pale kwenye daraja," akamwambia.

Mimi hakuniangalia.

Tangu turudi amepika, amenitengea, hajaniuliza kitu. Heri angenigombeza.

Jumapili ya Pasaka sanamu inarudi parokiani. Kabla hawajaibeba nitasimama mbele ya kina mama wote niseme mwanangu ni mzima, mwongo ni mimi. Uongo niliunong'ona, ukweli itabidi niupaze. Wakinicheka wanicheke.

Ila Jumapili ni mbali, na Skola yuko hapo nje anaosha vyombo. Nikaanze na yeye. Ee Mungu, nipe mdomo.