Maji ya Chumvi kwenye Jino la Mzee Masanja

Mama Kulwa,

Shikamoo. Nimezoea marahaba yako mpaka sasa hivi nimesimamisha kalamu, naisubiri.

Tangu tukuzike Songwa kuna mambo mawili hukuyaona. Nimejifungua binti, anaitwa Limi. Na hapa kliniki Katoro Dokta amenunua kimashine cha kuoshea mizizi ya meno. Kina ncha nyembamba inayotikisa dawa ndani ya mzizi mpaka inaingia kwenye vichochoro ambavyo bomba letu la sindano la mkono halikuvifikia. Ungekitukana kwanza, halafu ungekipenda.

Nakuandikia kwa sababu nimekuaibisha.

Ulinipokea sijui hata kuvaa glavu. Ukanifundisha kusukuma bomba kwa kidole cha shahada, polepole, ncha isigote mwisho wa mzizi. Nikiharakisha unasema, "Wewe, unakamua ng'ombe wa jirani?" Ukanifundisha na tofauti: maji ya chumvi yanatoa takataka, basi, klorini ndiyo inayokula nyama iliyooza na kuua wadudu. Nilijua. Siwezi kusema sikujua.

Lakini Limi alikuwa anakataa ziwa. Nikirudi nyumbani na ile harufu ya klorini mwilini, anageuza uso, analia mpaka sauti inakauka. Nilikuwa nimechoka, Mama Kulwa, nimechoka hadi mifupa. Siku ya Mzee Masanja, mkulima wa tumbaku kutoka Ushetu, nikajaza maji ya chumvi kwenye mabomba yote, hata yale ya klorini, nisirudi nanuka. Nikajidanganya kwamba kimashine kitamalizia. Kikatikisa maji matupu. Dokta na yale mafua yake ya vumbi hakugundua kwamba harufu ya klorini haipo. Jino likazibwa.

Mzee akarudi shavu limevimba. Lile ndilo gego lake la mwisho la kutafunia. Nikamwamkia, akaitikia ameshika shavu, akasema, "Unisamehe mwanangu, nadhani niliwahi mno kutafuna muwa." Ananiomba msamaha mimi! Dokta akaangalia, akasema huenda mzizi umepasuka, jino litoke. Akaniagiza koleo.

Nikalileta. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Nililibeba kwa mkono wangu nikaliweka kwenye sinia. Mzee akafumba macho, akaachama mdomo, kama mtoto anayelishwa. Hapo ndipo nikasema, "Dokta, usiling'oe. Sikuosha na klorini."

Dokta akasukuma sinia pembeni. Kisha akaniambia nimweleze Mzee mwenyewe, kwa Kisukuma, nisibakize neno. Nikamweleza. Akaniangalia weee, akasema, "Kumbe! Na mimi muwa nimeuacha bure." Hakucheka. Nilitamani anitukane.

Jino likafunguliwa upya, likaoshwa kwa klorini, na safari hii kimashine kikawa na dawa ya kutikisa. Uvimbe unashuka. Kama jino litapona bado hatujui. Mimi nimetolewa pale kwenye kiti cha wagonjwa. Nafagia na kuloweka vyombo mpaka Dokta aniamini tena. Nimestahili.

Na maji ya kulowekea vyombo yana klorini ileile. Jana nimerudi nyumbani nanuka. Limi akageuza uso. Nikanawa kwa limau mpaka kwenye viwiko, nikabadili gauni, nikakaa naye bila kumlazimisha. Alilia. Kisha akarudi mwenyewe, akanyonya mpaka akalala.

Ilikuwa limau tu, Mama Kulwa. Limau na kusubiri kidogo. Kwa kitu kidogo hivyo nilitaka kumng'olesha mzee wa watu jino.

Pumzika, mama yangu. Siku nikirudishiwa bomba, kilichomo ndani nitakitaja kwa sauti, mgonjwa akisikia, kabla sijaligusa jino lake. Hilo nakuahidi. Na kidole kitakuwa cha shahada, polepole.

Mwanao wa kazini,
Mama Limi