Nusu ya Maana

Kaka yangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute huko mgodini ukiwa mzima tangu utosini hadi nyayoni. Kifua kinaendeleaje? Lile vumbi bado mnalimeza, au wamewapa barakoa walizowaahidi? Mwili wangu haujambo. Roho usiiulize kwanza.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kaka, kuta za nyumba yetu unazijua, na masikio ya mama unayajua zaidi. Ukiwaza kwa nguvu yeye anaitika. Kwa hiyo nimejibanza kwenye chumba cha pasi hapa hotelini, wenzangu wamekwenda kula, na barua hii atakuletea dereva wa lori la unga. Mama anajua nakuandikia. Amenipa hata maneno ya kukufikishia, nami nitayafikisha kama nilivyoagizwa.

Nianze na habari za Kiingereza, maana wewe ndiye uliyenisukuma. Unakumbuka meneja alisema dobi atakayefaulu mtihani wa maneno magumu atahamishiwa mapokezi, avae koti na kupigwa na kiyoyozi badala ya mvuke. Nikajiunga na darasa la yule mwalimu mstaafu tunayemwita Kamusi. Mzee huyu ana sharti lake: neno usilolitungia sentensi ya nyumbani kwenu, halihesabiwi. Hataki habari za malkia wala theluji. Anataka sufuria yenu, mlango wenu, shangazi yenu. Basi nyumba nzima ikaingia darasani. Jogoo wa jirani akawa "arrogant", yaani mwenye majivuno. Mjomba akawa "reluctant", mtu wa kufanya mambo shingo upande, hasa akiombwa aondoke kwenye kiti cha mama. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

Na mama unamjua, alitolewa shule mapema ili alee wadogo zake, na kiu ya kusoma haikumtoka. Alinizidi uanafunzi. Nikirudi kazini ananidai neno kabla sijavua viatu. Anachambua mchele, natamka, anatamka, na ulimi wake ni mwepesi kuliko huu wangu mzito.

Siku moja Kamusi akatupa neno "palliative". Akaandika maana yake ubaoni: kinachotuliza maumivu bila kuponya ugonjwa. Nikatunga kwamba chupa ya maji ya moto ni palliative kwa mgongo wa mama, kwa sababu mgongo ulishaanza kumsumbua na kila jioni nilikuwa namwekea chupa. Nikapewa vema. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama kwamba neno hilo ni kitu kinachotuliza maumivu. Nikaishia hapo. Sikuwa na nia mbaya, kaka. Chupa ilikuwa inaniunguza mikono, na maana hiyo ilitosha kwa sentensi yetu. Mama akalipenda kuliko yote, kila jioni ni lete palliative yangu, lete palliative yangu, hadi mjomba akaanza kulalamika.

Halafu mgongo ukazidi. Nilikwambia kwenye simu kwamba amelazwa wanamchunguza, sikukwambia yaliyofuata. Asubuhi moja daktari bingwa alipita na wauguzi wake. Wakasimama miguuni pa kitanda wakizungumza Kiingereza chao, utafikiri mama ni meza. Nilisikia kila kitu. Nilisikia kwamba ni saratani, imeanzia kwenye ini na imefika uti wa mgongo, hakuna cha kukata wala cha kupiga mionzi, apewe palliative tu akae na watu wake. Zamani ningesimama pale nikitabasamu kama ndugu wa wagonjwa wengine. Nilisoma ili nielewe, nami nikaelewa.

Mama naye akalisikia neno lake. Uso ukamchangamka. Akainua kichwa, akalitamka sawasawa bila kuteleza, kisha akamwambia daktari kwamba hilo analijua vizuri na hilo ndilo analolitaka, hata leo hii. Daktari alipigwa na butwaa. Akamshika mkono, akasema hajapata kuona mgonjwa jasiri namna hiyo. Akanigeukia, akauliza kama familia tumeelewa. Nikaitikia kwa kichwa. Akaenda kitanda kinachofuata. Kwa hiyo daktari anaamini mama ameambiwa, na mama pia anaamini ameambiwa.

Sasa tuko nyumbani, na haya ndiyo maneno yake kwako. Anasema usikatize mkataba. Anasema usije mbiombio kama mtu anayefukuzwa. Umalize msimu, uje na mchumba wako kwa utaratibu, kwa kuwa madaktari wamempa matibabu ya kutuliza, na mgongo ukishatulia atafuma mwenyewe vitambaa vya makochi ya mkwe wake. Uzi ameshachagua, wa rangi ya maziwa. Nimefikisha.

Sasa yangu. Kaka, mama anakufa. Uji anauonja tu. Nikimwogesha nahesabu mifupa, na nikimgeuza anauma shuka asinitie hofu. Msimu wenu ukiisha, hutamkuta. Usingoje ruhusa nzuri, usingoje mchumba, panda lori hilohilo lililokuletea barua hii.

Darasani siendi tena. Mara ya mwisho Kamusi alitupa neno la jambo lisiloepukika, akanitaka niitoe sentensi nyumbani kwetu. Nikakusanya vitu vyangu nikatoka. Nafasi ya mapokezi amepewa mwingine, na koti limemkaa vizuri. Sina hamu nalo. Sina hamu na kitu chochote.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Juzi nilijikaza. Nikaketi kitandani kwa mama, nikamwambia lile neno letu lina sehemu nilimbakizia. Laiti ungemwona! Alijivuta akaegemea mto, akafunga kilemba vizuri, akatulia kunisikiliza, mwanafunzi kweli kweli. Nikafungua kinywa. Nikamwambia sehemu iliyobaki ni kwamba linaandikwa kwa L mbili. Akaniambia asante mwalimu, akaziandika hewani kwa kidole, moja, na nyingine. Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya tangi la maji. Mimi ni mwoga, kaka, na siwezi tena peke yangu.

Mjomba anakusalimu, kiti bado hajakiachia, ila sasa anakikalia kando ya kitanda. Jirani na jogoo wake wanakusalimu pia. Mama anakusalimu kuliko sote, na ameniagiza nikuandikie neno lake ulijue, ili ukija mzungumze. Nimeshakuandikia. Akikuuliza maana yake, mwambie ni kinachotuliza maumivu, uishie hapo.

Ndimi mdogo wako anayekungoja mlangoni,

Kitindamimba