Kawiti kwa Herufi A

Jumatatu, 3 Machi
Nimeteka maji mara mbili. Nimepiga sare pasi. Sasa majina. Mwalimu Auma wa historia anataka kila mwanafunzi wa Kidato cha Pili aandike majina ya asili ya kwao pamoja na maana yake. Ninayo tisa, yote ya bonde hili la mto Kuja. La mwisho ni la hapa kwetu, Kawiti. "Ka" ni nyumbani kwa. Awiti ni mwanamke. Dani, yaani nyanya yangu mzaa baba, anasema Awiti alifiwa na mume, akaja na wanawe, akafyeka kichaka cha mtoni kwa mikono yake. Kaka yake, Owiti, alimfuata baadaye, njaa ilipombana. Sisi ni wa Awiti. Jirani yetu Mzee Okelo na watu wake ni wa Owiti. Wao wanadai jina ni Kowiti, kwa Owiti. Nimeandika Kawiti.

Alhamisi, 6 Machi
Kumi na tisa kwa ishirini! Mwalimu ameichukua orodha yangu ampe mhandisi wa daraja jipya. Wanatafuta jina la kibao. Sikumwambia mtu ila Dani. Alicheka mpaka akakohoa.

Ijumaa, 14 Machi
Kibao kimesimama. DARAJA LA KAWITI. Nimepita hapo mara nne bila sababu yoyote.

Jumamosi, 15 Machi
Kimekatwa kwa panga. Ile A ya Kawiti imetobolewa kabisa. Ukichungulia kwenye tundu unaona maji.
Mzee Okelo alisimama kando yake akapaza sauti ili tusikie hadi nyumbani. "Tangu lini msichana akarithisha ardhi? Hao ni jodak! Babu yangu aliwapa pa kulala, leo wanatuandikia jina!"
Jodak, au jadak akiwa mmoja, ni watu waliokaribishwa tu, wasio na haki ya udongo. Hakuna tusi baya kuliko hilo hapa. Baba alitoka na rungu. Mama alimng'ang'ania shati mpaka likachanika.
Naogopa. Orodha ilikuwa yangu.

Jumatatu, 17 Machi
Shuleni, mjukuu wa Mzee Okelo alinizuia karibu na mfereji. "Wee jadak, ng'oa kibao chako uende nacho." Wasichana wakacheka. Alinisukuma ukutani, mdomo ukapasuka. Nilimuuma mkono. Nilionja damu, sijui yake au yangu.
Mwalimu Auma alilia tulipopelekwa ofisini. Alisema angepaswa kuuliza pande zote mbili. Mimi sikulia. Najua napaswa kujuta. Sijuti.

Jumatano, 19 Machi

Walikuja saa nane mchana, jua kali, nyuso wazi. Vijana kumi au zaidi. Wengine nimesoma nao darasa moja. Mawe kwanza. Bati lililia hata sikujisikia nikipiga kelele. Kisha wakaingia zizini. Ng'ombe wetu wa maziwa walimkata kano za miguu ya nyuma. Aliendelea kujaribu kusimama. Akianguka, anajaribu tena.
Wakatia moto jikoni. Dani alikuwa ndani. Alitoka akitambaa, leso ikiwaka pindoni, jiwe likampata juu ya sikio. Baba aliruka mbele yake akainua mkono. Panga likashuka.
Vidole viwili vilibaki kwenye vumbi karibu na kinu. Niliviona mimi kabla yake. Vilikuwa vidogo.
Mama aliwarushia maji ya uji yaliyokuwa yakichemka kwenye mafiga ya uani. Mmoja alilia kama mtoto. Nilifurahi. Hapo ndipo wakakimbia.

Ijumaa, 21 Machi
Hospitali, Migori. Baba amefungwa bendeji hadi kiwikoni. Dani ameshonwa nyuzi kumi na moja. Ng'ombe amechinjwa.
Chifu ameitisha baraza Jumanne. Baba aliniita kitandani. "Akinyi, utasema ulikosea herufi. Mtoto wa shule hukosea, hakuna wa kumlaumu."
Nikamwambia sikukosea.
"Najua. Vidole viwili vimetosha."
Nilimtazama Dani aniokoe. Alikuwa amegeukia ukuta.
Nina hasira naye, na baba, na kila mtu. Zaidi na mimi.

Jumanne, 25 Machi
Limekwisha.
Baraza lilifanyika uwanjani, askari wanne wenye bunduki. Chifu alinisimamisha. Mzee Okelo alikuwa mstari wa mbele, wanawe nyuma yake, mmoja akiwa na shingo iliyobabuka. Wangetuchoma tena. Niliona machoni mwao.
Nikasema, "Nilikosea tahajia. Nilitaka kuandika Kowiti."
Mzee Okelo akaangua kicheko. "Hawa watoto wa siku hizi! Karo yote hiyo, na O hawaijui!" Watu wote wakacheka, wa kwao na wa kwetu. Hata chifu. Wanaume wakapeana mikono, baba akitumia ule wa kushoto.
Kibao kitaandikwa upya. Vijana watatu wataitwa kituoni.


Jumapili, 30 Machi
Mvua asubuhi, kisha ikatulia. Dani na mimi tulikaa kibarazani tukibambua njugu. Tangu baraza hajanisema vibaya. Hajanisema vyema pia.
Alasiri akaja mke wa Mzee Okelo, peke yake, na beseni la viazi vitamu kichwani. Nilitaka kuingia ndani. Dani akasema, "Mletee kiti." Nikamletea. Alitazama kovu la Dani, akatazama chini. Hakuomba msamaha. Alianza kubambua njugu nasi. Wakazungumza kuhusu mvua, na bei ya mbegu.
Simu yake ikalia. Binti yake, yule aliyeolewa Oyugis, alikuwa njiani kuja na alitaka kujua amkute wapi. Mama mzee aliipigia simu kelele kama afanyavyo siku zote.
"Niko hapa Kawiti, kwa jirani! Kawiti! Shukia darajani!"
Akairudisha simu kifuani, akachukua njugu nyingine.
Hakuna aliyemsahihisha.